Mwana wa Dorkasi

Patrisi alipomuua Remigius kwa fimbo, kilabuni kule Endamarariek, Karatu, mama yake, Brigita, ndiye aliyekimbilia kwa wazee kabla polisi hawajasikia. Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini ni mama gani aliyewahi kuambiwa hivyo akasikia? Alikuwa tayari kutoa ng'ombe wote wa zizini.

Dorkasi, mama wa marehemu, alikataa ng'ombe.

"Remigius ndiye aliyekuwa ananilimia," alisema, macho makavu. "Nipeni huyo aliyemuua anilimie mpaka mbaazi zivunwe. Na mama yake asikanyage kwangu kabla ya hapo."

Wazee walimsifu kwa moyo wake. Brigita alipiga magoti akamshukuru, na alishukuru kweli, maskini.

Miezi ikapita. Majirani walileta habari ndogondogo. Kijana anavaa koti la marehemu. Sawa, baridi ya Karatu haina mchezo. Analala kitandani kwa marehemu. Sawa, alale wapi? Siku hizi anakula kwa mkono wa kushoto. Hapo Brigita aliogopa, maana mwanawe hakuwa wa kushoto. Wa kushoto alikuwa Remigius.

Siku mbaazi zilipokwisha kuvunwa, alikwenda adhuhuri ileile, kibuyu cha maziwa mkononi. Alimkuta Dorkasi uani anapeta, amenawiri kama bibi harusi.

"Karibu, jirani. Mwanangu yuko nyuma ya nyumba."

Nyuma ya nyumba palikuwa na kaburi. Kijana alikuwa amechuchumaa akiupaka rangi msalaba, brashi mkono wa kushoto, akiimba kwa sauti ya chini. Brigita alisoma herufi mbichi: PATRISI. Chini yake ilikuwepo tarehe ya kuzaliwa, siku ambayo Brigita alimzaa kwa uchungu wa siku mbili.

"Patrisi, baba, twende nyumbani."

Kijana aliendelea kupaka. Brigita aliita tena, akaita na mara ya tatu, huku akimshika bega. Hata shingo hakugeuza. Kule uani ungo ulikuwa umenyamaza. Dorkasi alikuwa anasikiliza.

Brigita aliweka kibuyu chini. Kisha akaita jina ambalo hakutaka kamwe kulitamka.

"Remigius."

Kijana aligeuka papo hapo.

"Shikamoo, Mama Patrisi," alisema kwa huruma, akifuta vidole kwenye koti. "Pole sana na msiba."