Risasi ya Sehemu ya Thelathini na Nane

Jana mchana, Bi Tegemea Chilongola, muuguzi wa wodi ya majeruhi mjini Dodoma, alitoka zamu ya usiku, akala ugali kwa mlenda, akalala, akaota kwamba mumewe amepigwa risasi katika sehemu ya thelathini na nane ya tamthilia ya runinga.

Ni lazima isemwe mapema kwamba tamthilia zile hakuzipenda hata kidogo. Mumewe, Yona, alikuwa fundi wa mafriji mpaka mgongo ulipomwachisha kazi, na tangu hapo alikuwa akizitazama kutwa: za Kichina, za wapelelezi na majasusi, zilizotiwa sauti za Kiswahili. Tegemea alikuwa akipita sebuleni na beseni la nguo, anasimama, anatoa hukumu.

"Huyu anapigwa tangu juzi, na nywele zake bado zimechanwa."

Au: "Polisi hawa kazi yao ni mikutano. Mwizi akitaka kusalimika ajifiche kwenye chumba cha mkutano, hawatamwona."

Na juzi, mtu alipoanguka na kuanza kutoa hotuba: "Baba Elia, aliyepigwa risasi ya pafu hahutubii. Anakoroma. Mimi ndiye ninayewapokea."

"Ngoja kidogo, Mama Elia," Yona akasema bila kugeuka. "Anataka kumtaja msaliti."

Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao ya juma zima.

Basi ndotoni Tegemea anatembea kwenye barabara ya mawe iliyolowa maji, ingawa juu kuna jua la Dodoma lilelile. Wanaume wote wamevaa makoti marefu na kofia pana. Hakuna anayetoka jasho. Anapita karibu na fundi viatu, na fundi viatu anamnong'oneza bila kuinua uso.

"Kusini mvua imenyesha?"

"Sijui," anajibu Tegemea. "Mimi natoka Dodoma."

Fundi viatu anaanza kulia. "Hilo ndilo jibu," anasema. "Tumelingoja miaka mingi."

Muuza karanga naye anamwambia kwa siri kwamba yeye ni jasusi. Kinyozi ni jasusi. Paka aliyelala juu ya ukuta anasema yeye ni jasusi wa pande zote mbili na amechoka.

"Sasa nani anayepelelezwa?" anauliza Tegemea.

Paka anafikiri. "Yupo mzee mmoja mtaa wa pili," anasema. "Lakini naye tunamshuku."

Tegemea anapanda ngazi, kwa sababu kila mtu anamwonyesha ngazi. Juu kuna mkahawa wa chai, na Yona amekaa peke yake mezani. Amevaa koti la sufu, na miguuni ana ndala zake za nyumbani.

"Umevaa koti na joto hili?"

Mdomo wa Yona unafunguka, unafungika. Ukishafungika, ndipo sauti inakuja. Si sauti yake. Ni ya yule bwana anayewasemea wote kwa Kiswahili kwenye tamthilia, inspekta, mama yake inspekta, na mbwa.

"Ondoka hapa," inasema. "Ni hatari."

Mlio wa bunduki unasikika. Wote wawili wanasubiri. Baadaye risasi yenyewe nayo inafika, inapita dirishani bila haraka, inamwingia Yona kifuani upande wa kulia. Yona anaanguka polepole. Kisha anaanguka tena, akionekana kutoka upande wa mlango. Kisha anaanguka tena, akionekana kutoka darini.

"Umeshaanguka, Baba Elia, tulia," anasema Tegemea. Anapiga magoti, anafungua koti, anabana jeraha kwa kiganja. Damu ni kidogo na safi, imekaa vizuri kama ua la kitambaa. Anaichukia damu hiyo. Hata hivyo anaendelea kubana, kwa nguvu kuliko anavyobana wodini.

"Usijisumbue," kinasema chungu cha maua kilichowekwa dirishani kama ishara. "Huyo hafi sasa hivi. Ana jina la kutaja."

"Akilitaja?"

"Hatalitaja. Atasema, 'Msaliti ni,' halafu atakata roho."

"Kabla ya jina?"

"Kabla kidogo tu. Jina likitoka, sehemu zilizobaki wataonyesha nini?"

"Huu ni upuuzi," anasema Tegemea.

"Ni utaratibu," kinasema chungu.

Mlango unafunguka. Anaingia Inspekta Gao, mpelelezi mkuu, koti begani, mikono haijapita kwenye mikono ya koti. Nyuma yake, kwenye ngazi, mvua imesimama kama mtu, inangoja. Imekuja kumnyeshea marehemu.

"Taja jina," Inspekta Gao anamwambia Yona.

"Toka kwa mgonjwa wangu," anasema Tegemea.

"Taifa linangoja jina."

"Taifa likae kwenye benchi kama wengine."

Tegemea anaelewa sasa kwamba mumewe atakuwa hai muda wote atakaokuwa anasema jambo jingine. Anajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwomba aseme jambo lolote. Hakumbuki.

"Baba Elia, nihadithie kitu."

"Kitu gani?" inauliza sauti ya yule bwana.

"Chochote. Kisiwe jina."

Chumba kinakuwa cha kijivu, na filimbi inaanza kulia mahali fulani. Ni kumbukumbu. Watoto wawili wanakaa kando ya mto, wanagawana mkate, theluji inaanguka.

"Hii tumeshaiona," anasema Tegemea. "Wanairudia kila wiki. Tena si yake, Yona hajawahi kuona theluji isipokuwa ndani ya friji."

Kumbukumbu inaomba radhi, inakusanya watoto wake, inatoka.

Yona anavuta pumzi. "Ulipokuwa chuo cha uuguzi," anaanza, "nilikuja kukuona. Nilikuletea zabibu."

"Hukuwahi kuja."

"Nilikuja. Basi likaharibika njiani. Nikawa nakula moja, nakula moja. Nilipofika getini nilikuwa na vikonyo vitupu kwenye mfuko. Nikageuza."

"Ukageuza bila kuniona?"

"Nilikuona. Ulikuwa unaanika mashuka."

Mdomo na sauti vimeanza kwenda pamoja. Sauti ni yake sasa, ile nene yenye vumbi kidogo, na Tegemea anashangaa jinsi alivyokuwa ameisahau. Anamwuliza alivaa shati gani. Anamwuliza kwa nini hakusema. Yona anajibu yote, anaongeza mengine ambayo hakuulizwa: baba yake, mgongo, kibanda chake cha ufundi kilichofungwa, jinsi mchana ulivyo mrefu katika nyumba ambayo mtu mmoja anafanya kazi na mwingine hafanyi. Anaongea mpaka chai za mezani zinapoa na Inspekta Gao anaanza kutazama saa.

"Sehemu inaisha," anasema inspekta. "Jina."

Mvua inapanda ngazi moja. Macho ya Yona yanabadilika, yanatazama mbali, kama wanavyotazama wote.

"Msaliti ni," anasema.

Tegemea anatoa kipimajoto mfukoni na kumwekea chini ya ulimi.

"Funga mdomo," anasema. "Usiongee mpaka nikitoe."

Yona anafunga mdomo. Ni mtu anayewaheshimu wauguzi.

"Hiyo haimo kwenye tamthilia," kinasema chungu cha maua.

"Sasa imo."

Inspekta Gao anakaa kwenye kiti, anavua kofia. Anasema amefanya kazi hii maisha yake yote na hajawahi kuona mtu akipona. Mvua, ikiwa haina wa kumnyeshea, inashuka taratibu kurudi barabarani. Ukutani maandishi meupe ya mwisho wa tamthilia yanaanza kupanda: Inspekta Gao alipandishwa cheo. Paka alifungwa kwa makosa ya pande zote mbili. Tegemea Chilongola, kwa kuzuia mwisho,

akaamka.

Jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Alikwenda sebuleni akiwa na khanga. Runinga ilikuwa ikiongea peke yake. Yona alikuwa kwenye kochi na kikombe cha maji ya moto yenye tangawizi.

"Umeamka," akasema, lakini kilichotoka kilikuwa mkwaruzo.

"Umepatwa na nini?"

"Sauti imenikauka. Sijui imekuwaje. Tangu uingie kulala sijaongea na mtu."

Tegemea akamshika shingo kwa vidole viwili. Tezi hazikuwa zimevimba. Homa hakuna. Akamwangalia kooni, akamwambia afunge mdomo.

Kwenye runinga mtu alikuwa chini, na mwenye koti begani alikuwa amemwinamia. Tegemea akaguna.

"Hawa watu hawana aibu. Kila mtu anamjua tangu siku ya kwanza. Msaliti ni..."

"Usitaje," Yona akasema.

Alisema haraka, kwa kile kisauti kilichokwaruza, na mkono wake ulikuwa umeruka wenyewe kifuani, upande wa kulia. Akautazama kama mkono wa mtu mwingine.

Tegemea alichukua rimoti, akazima. Akakaa karibu naye.

"Kunywa maji yako kwanza," akasema. "Halafu uendelee kunihadithia."