Kochi Lililolipa Deni

Ilikuwa mara ya tatu Faustina kuingia ofisi ile ya mikopo mjini Iringa, na mlinzi alikuwa ameshamzoea, hata begi hakumkagua tena.

"Leo watakupa tu," akamwambia.

Faustina alicheka kwa adabu. Kule Ilula miche yake ya nyanya ilikuwa na wiki nne kitaluni, imeanza kurefuka shingo kama watu wanaochungulia barabarani. Pampu ya kumwagilia aliyoiwekea oda, mwenye duka alisema ataishikilia mpaka Jumamosi, baada ya hapo shauri yake. Bila mkopo hakuna pampu, na bila pampu shamba alilokodi bondeni litabaki vumbi na kodi ameshalipa.

Afisa mikopo, kijana mmoja aitwaye Liberatus, aligeuza kompyuta ili naye aone.

"Dada, mambo ni yaleyale. Una deni bovu. Ile kampuni inayokopesha vikundi, miaka mitatu sasa. Laki moja na themanini hujalipa."

"Nililipa, kaka. Walibeba kochi langu."

"Kompyuta haijui kochi."

Mkopo ule aliuchukua alipokuwa anaishi Kihesa, kwenye kikundi cha kina mama kumi wanaodhaminiana. Mtoto wake akaugua, marejesho ya wiki nne yakampita. Jumanne moja wenzake wote tisa wakaja, mwenyekiti Mama Shamsudin mbele, wakalitoa kochi nje yeye anawaangalia. Ndiyo kawaida ya vikundi: ukishindwa wenzako wanakulipia, halafu wanabeba chombo. Hakugombana nao. Kwenye daftari wakaandika, "Faustina amemalizana." Na yeye akaamini amemalizana.

Akatoka ofisini akaenda moja kwa moja Kihesa.

"Kamwene, Mama Shamsudin."

"Kamwene, mwanangu! Umenenepa! Karibu, kaa kwenye kochi."

Kaa kwenye kochi! Faustina akalitazama. Alama ya pasi ilikuwa palepale, na kiraka alichokishona kwa mkono wake kilikuwa bado kimeshika. Akakaa, maana viti vingine vilikuwa vimejaa nguo. Lilikuwa laini kuliko alivyokumbuka, na hilo nalo likamuudhi.

Alipoeleza shida yake, Mama Shamsudin akaapa kwamba kochi alilinunua yeye mwenyewe kwa laki moja na themanini, na hela ikaenda kwenye kampuni siku ileile. Akainamia kopo la biskuti, akafukua makaratasi mpaka risiti ikatoka. Tarehe ilikuwa sawa. Kiasi kilikuwa sawa. Jina lilikuwa la kikundi.

"Ndiyo maana," Faustina akasema taratibu. "Hela waliipokea, ila kwangu hawakuandika kitu. Twende wote, mama, ukawaeleze."

"Na magoti haya? Wapelekee risiti. Si wanajua kusoma?"

Faustina akaenda peke yake kwenye ile kampuni. Binti wa mapokezi akaipokea risiti, akaitoa kopi, akampa fomu ya kujaza, kisha fomu nyingine inayouliza yaleyale. Ilikuwa Jumanne. Akaambiwa arudi kwa Liberatus Alhamisi.

Alhamisi Liberatus alimpokea anatabasamu.

"Hongera dada! Deni linasoma limelipwa."

"Asante Mungu."

"Ila..."

"Ila nini tena?"

"Wameandika umelipa Jumanne."

"Ndiyo, ilikuwa Jumanne walipobeba kochi."

"Hapana. Jumanne hii ya juzi." Akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta, kama vile kusoma kwa karibu kungepunguza aibu. "Kwa hiyo umechelewa siku elfu moja mia moja na kumi na tatu."

"Juzi nilikuwa mtu asiyelipa," Faustina akasema. "Leo je?"

"Leo unalipa," Liberatus akamjibu, "ila mzito. Mzito sana. Wakubwa wangu wakiona hivi hawasaini."

Alitamani kupiga kelele. Badala yake akamwomba amtolee karatasi ile. Nje akasimamisha guta la kubebea mizigo, akapatana bei na mwenye guta, wakaenda Kihesa.

"Soma hapa, mama," akamwambia Mama Shamsudin. "Nimelipa juzi. Sasa kochi langu mlilibeba la nini? Nimekuja kulichukua. Guta liko nje."

"Wewe mtoto una wazimu! Kochi nililitolea hela yangu!"

"Lini?"

"Siku ileile! Risiti si nilikupa?"

"Mimi najua, mama. Wao ndio hawajui. Na karatasi ni yao."

Mwenye guta, ambaye hakuelewa lolote, alishaingia ndani na alikuwa anaupima mlango kwa mikono. "Litapita," akasema, "tukilisimamisha."

Mama Shamsudin akamwangalia mwenye guta, akaliangalia kochi, akaangalia ile karatasi. Kisha akavaa baibui lake. Magoti hayakutajwa tena. Guta likawabeba wao wawili badala ya kochi, wamekaa kama magunia ya viazi, na daftari la kikundi limebanwa kwapani.

Pale kwenye kampuni Mama Shamsudin hakusubiri kukaribishwa. Akalibandika daftari mezani.

"Binti, andika tarehe iliyo kwenye risiti. Siyo tarehe uliyoamka ukaiona. Na mimi sitoki hapa mpaka niione!"

Binti akarekebisha wakiwa wamemsimamia, mmoja kulia, mmoja kushoto.

Ijumaa saa nne Faustina alikuwa tena mbele ya kompyuta. Liberatus alisoma kimya, halafu akakohoa kidogo.

"Imekaa sawa. Limelipwa, miaka mitatu iliyopita. Hapa tunakupa mkopo. Lakini dada, usikasirike, kuna siku ishirini na nane za kuchelewa. Hizo siwezi kuzitoa, zinabaki kwenye faili."

Faustina akazihesabu moyoni. Wiki nne za mtoto kulazwa.

"Hizo ni zangu," akasema. "Hizo ziache. Sasa andika haraka, kaka, miche inarefuka."