Mtoto wa Jaani

Mwaka 1954 nilikuwa mkalimani wa Bibi wa Ustawi, Mwingereza aliyekagua hali ya watoto katika vijiji vya Moa. Sikuongeza neno, wala sikupunguza. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yangu.

Uani kwa Mwatima tulimkuta jirani yake, Asmahani, amempakata mtoto mchanga aliyepakwa masizi usoni.

"Shikamoo, mama. Mtoto wa nani huyu?"

"Marahaba. Mtoto? Takataka hii! Nimeiokota jaani juzi. Hebu itazameni, mbaya kama tumbili!" Akacheka.

Nikafasiri. Bibi hakucheka. Akamwelekea Mwatima, aliyesimama mlangoni. "Muulize kama ni wake."

Nami nilijua. Hata kwetu Ubondei, mwanamke aliyezika watoto watatu humlaza wa nne jaani, jirani akamwokota. Kwa siku saba mama humkana, ili kifo kidhani mtoto hana mwenyewe. Siku ya saba humnunua kwa kibaba cha pumba. Akimkiri kabla ya hapo, amemuua.

"Si wangu," alisema Mwatima. "Simjui."

Mtoto akalia. Kanga ya Mwatima ikalowa maziwa kifuani, na mikono yake ikaung'ang'ania mwimo wa mlango. Bibi alikuwa ameinamia daftari. Hakuniuliza habari za kanga wala za jaa. Nami, niliyesomeshwa misheni, niliona haya kuzitaja. Nikafasiri: si wake, hamjui.

Bibi akaandika kuwa mtoto ametupwa, akamchukua. Tulipoondoka naye, Asmahani alitukimbilia. "Nirudishieni takataka yangu! Zimebaki siku nne tu!" Mwatima alibaki ameung'ang'ania mwimo.

Siku ya saba Mwatima alifika ofisini kwetu mjini, Chumbageni, pumba zimefungwa katika pindo la kanga. "Nimekuja kumnunua mwanangu." Gari la moshi lilikwisha kumchukua jana yake, kwenda makao ya yatima huko bara. Hapo ndipo nilipomweleza Bibi yote. Akaandika barua siku ile ile.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, nikalipeleka Moa mwenyewe: mtoto alifika na homa, akazikwa bila jina.

Mwatima alinisikiliza hadi mwisho.

"Amekufa hana mwenyewe kweli," alisema. Kisha akanitazama. "Ruthi, mdogo wangu, maneno yangu uliyafikisha yote. Kanga yangu hukuiona?"

"Niliiona, dada."