Moyo wa Hamsini na Mbili

Katika ukoo wetu mzima, mkono mwaminifu kuliko yote ni huu wangu wa kulia. Ndiyo maana kocha, mzimamoto mstaafu asiyemwamini hata mkewe kumtilia sukari kwenye chai, aliukabidhi moyo wa binamu yangu.

Kikosi cha zimamoto kilikuwa kinachukua mkimbiaji mmoja tu kutoka klabu yetu. Tulibaki wawili, mimi na binamu, tuliyemwita Swala. Swala ana miguu. Mimi nina maneno, na kwenye kilomita tano maneno hayasogezi mtu.

Kocha alikuwa na sheria yake. "Mazoezi yanabomoa," alituambia. "Kinachojenga ni kulala. Asiyepumzika anajenga nyumba huku anang'oa matofali." Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuinuka, tulipimana mapigo ya moyo dakika nzima. Anayepimwa hutia pamba masikioni na kujifunika shuka gubigubi, asione saa wala kufuata hesabu. Kawaida ya Swala ilikuwa hamsini na mbili. Yakifika sitini, mwili haujapona, na siku hiyo hakuna kukimbia.

Tulikuwa tunalala sebuleni kwa shangazi, mama yake Swala, dobi aliyenilea tangu nina miaka minne. Saa hizo huwa keshaamka, anapiga pasi mashuka ya wateja, godoro letu likiwa hatua mbili kutoka mezani kwake.

Wiki ya kwanza nilihesabu kweli. Wiki ya pili, baada ya kupandishwa kilima mara kumi, moyo wa Swala ulipiga sitini na tatu.

"Ngapi?" akauliza ndani ya shuka, akitoa pamba.

"Hamsini na mbili," nikamnong'oneza sikioni. "Una moyo wa kobe, binamu."

"Mbona miguu mizito?"

"Uvivu. Nao una kilo zake."

Akacheka, akatafuta viatu. Kabla ya kutoka akanipima mimi, akakuta nimezidi. Akanifunika vizuri. "Lala, ndugu yangu. Usije ukaumia."

Nikalala. Na usingizi ulikuwa mtamu, sitaki kusema uongo.

Moyo wake ukaja sitini na sita, ukaja sitini na nane. Kwenye daftari la kocha niliandika 52, 53, 52. Swala akaanza kuacha nusu ya chakula, akawa anafokea hata mlango. Jioni alikaa akijisugua muundi wa mguu wa kushoto.

"Unauma?" nikamuuliza.

"Kidogo. Labda nipumzike kesho."

"Kwa moyo ule? Kocha atasema umeogopa. Mkimbiaji asiyeumwa ni mtazamaji."

Sentensi hiyo niliitunga mwenyewe, na mpaka leo naiona nzuri.

Siku ya majaribio Swala alinitangulia mizunguko yote tisa ya kwanza. Wa kumi, mguu ukavunjika. Niliusikia, kama mwiko unaovunjikia kwenye sufuria. Akaanguka kifudifudi, akaniita kwa jina langu la utotoni. Nikampita. Kocha ametufundisha tusikatize mwendo. Nafasi nikaipata mimi.

Daktari alisema mfupa ulikuwa na ufa wa wiki kadhaa, umekimbiwa mpaka umechoka. Ndoto ya zimamoto ndiyo basi.

Jumapili kocha alikuja nyumbani na daftari. Swala alikuwa amelazwa kwenye kochi, mguu kwenye plasta hadi pajani. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, uso nimeukunja kama wa mfiwa.

Kocha alifunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. "Moyo wa hamsini na mbili haumvunji mtu hivi. Sielewi."

"Kudra, kocha," nikasema. "Ajali haipigi hodi."

Shangazi akasimamisha pasi.

"Hamsini na mbili ya nani?" akauliza taratibu. "Huyu akihesabu hunong'ona. Mimi niko hapa napiga pasi, namsikia. Siku moja kabla ya mbio alifika sabini na moja. Nikafurahi, nikasema mwanangu anapanda. Nilidhani ni kama maksi za shule, zikiongezeka ni vizuri."

Swala akautoa mkono wake kwenye wangu, kidole kimoja kimoja. Kocha akaligeuza daftari, akaniwekea magotini.

"Nisomee, mwanangu," shangazi akasema. "Siku hiyo umeandika ngapi?"