Mkono wa Mwenyeji

Siku ya Alhamisi moja ya Machi 1993, saa saba mchana, Mama Fidélie alikuwa akibandika karatasi juu ya vitabu. Maktaba yake, katika mtaa wa wafanyakazi pale Kolwezi, ilikuwa na viti arobaini, feni moja isiyozunguka, na nakala ishirini na tano za kitabu kipya cha Profesa Mukalay wa Lubumbashi. Kitabu kiliitwa *Ngoy na Kazadi: Wachoraji Wawili, Maisha Yaliyosukwa*. Ofisi ya Wenyeji ilikuwa imemruhusu profesa aje kukizungumzia, ila kwa sharti kwamba jina la Kazadi lisionekane. Asili ya Kazadi ilikuwa Kasai, na mwaka ule watu wa asili hiyo walikuwa wakirudishwa kwao kwa treni. Kazadi alizaliwa Kolwezi, na hiyo Kasai alikuwa hajaiona hata kwenye kalenda.

Kwa hiyo Mama Fidélie alikata vipande vya karatasi nyeupe akavibandika kwa uji wa muhogo. Uji aliupaka kidogo sana, kwenye pembe tu, ili siku moja mtu aweze kuvibandua bila kuchana kitabu.

Ngoy mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa mbele, ndani ya suti ya kuazima, akimaliza sahani ya tatu ya bukari, ugali wa huko, kwa samaki wa Lualaba. Hakuwa mlafi. Alikuwa anamlisha Kazadi.

Jambo hilo lilianza mwaka 1978, wakati wa vita, Kazadi alipomficha Ngoy siku sita juu ya dari ya nyumba yake. Askari walikuwa wamejazana sebuleni, na hapakuwa na namna ya kupandisha chakula. Kazadi akala mbele yao, na kule juu Ngoy akashiba. Tangu hapo, kilichoingia au kugusa mwili wa mmoja kilimfikia mwenzake. Wenyewe hawakulifanya kuwa jambo kubwa. Kinyozi mmoja aliwatosha wote wawili.

Sasa ilikuwa miezi mitatu tangu Kazadi na mke wake Mbelu watolewe nyumbani. Walilala nje ya gare, stesheni ya treni, chini ya plastiki, pamoja na maelfu ya watu wengine waliokuwa wakingoja treni, na kila asubuhi kulikuwa na mtu wa kuzikwa. Jumatatu Kazadi alishikwa na homa. Watu wa gare hawakuruhusiwa kutibiwa zahanati, basi Ngoy alikwenda kumeza kwinini badala yake. Nesi alimpima, akamwona mzima, akamwuliza homa iko wapi. Ngoy akamjibu kwamba iko gare. Nesi akampa dozi nzima, pamoja na maji ya kuchemshwa ya kumezea.

Saa saba na nusu Mbelu aliingia kwa mlango wa nyuma, ambao Mama Fidélie alikuwa ameuacha wazi makusudi.

"Treni imefika, Tata Ngoy," alisema. "Banasema leo njo sisi. Saa tisa."

Ngoy alivuta sahani karibu.

"Leo siombi chakula. Simama tu mbele ya batu, useme jina yake. Useme Kazadi ni mutu ya hapa, na alikuficha. Katibu ya Ofisi iko pale. Batu bote bakisikia, yeye hatasema hakusikia."

Ngoy alipangusa vidole vyake kimoja kimoja, kwa muda mrefu. Akamweleza kwamba mwaka huu majina ni mazito, na kwamba yeye ana watoto watano. Lakini kulikuwa na njia nyingine. Leo katibu alikuwa anampa cheti cha mwenyeji, na mwenye muhuri ule hapandishwi treni. Ikiwa bukari inapita na kwinini inapita, muhuri nao utapita, mradi tu ugonge ngozi badala ya karatasi.

"Muhuri haina haya, mama," alisema. "Itasema yenyewe."

Mbelu alimtazama kama mtu anayepewa mwavuli uliobaki mbavu tupu. Akaupokea, kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja.

Saa nane mkutano ulianza. Tata Stany, katibu wa Ofisi ya Wenyeji, alisema kwamba mji usio na wachoraji ni mji usio na roho, na kwamba Kolwezi, Mungu asifiwe, imebaki na mchoraji. Alipotoa cheti, Ngoy alikunja mkono wa koti na kuomba muhuri upigwe juu ya mkono wa kuchorea. Karatasi hupotea siku hizi, alisema, lakini mkono haupotei. Katibu aliguswa sana. Alipuliza muhuri, akaugonga, akaandika tarehe kwa kalamu ya bic na kutia sahihi. Watu wakapiga makofi, na wanne wakapanga mstari na mikono yao. Mbelu hakungoja mwisho. Alitoka alikoingilia, na pale mlangoni Mama Fidélie akamtilia mikate minne kwenye gazeti.

Ndipo Profesa Mukalay akasimama kuzungumza. Alikuwa mtu wa elimu na alikuwa na mke, watoto na cheo. Kila mahali palipokuwa na jina la Kazadi, yeye alisema "mazingira". Mwaka 1971, alieleza, Ngoy alikutana na mazingira sokoni, yakiuza picha. Mazingira yalimfundisha kuchanganya rangi ya ngozi ya mtu aliyetoka mgodini. Yalimwazima baiskeli, na yalisimamia ubatizo wa mtoto wake wa kwanza. Kwa miaka ishirini Ngoy na mazingira walichora turubai moja, Ngoy akianzia kulia na mazingira yakianzia kushoto, wakakutana katikati bila kugombana. Wakati wa vita mazingira yalimficha Ngoy siku sita juu ya dari.

Wasikilizaji waliandika. Mtu mmoja wa mstari wa nyuma alimnong'oneza jirani yake kwamba hayo mazingira anayafahamu, yalimchorea picha ya arusi.

Kule gare, Mbelu alimkuta mumewe ameshafikishwa mlangoni mwa behewa la mizigo, mgonjwa bado, ameegemea sufuria yao. Alimkunja mkono wa shati. Muhuri ulikuwa pale, umefifia kidogo, lakini tarehe na sahihi vilisomeka. Alimwita Sajini Mwamba, mkuu wa upakiaji.

Sajini aliusoma mara mbili. Kisha akamshika Kazadi mkono kwa adabu, akampeleka hadi kwenye mlango wa gare uliobandikwa mfano wa muhuri, akalinganisha.

"Iko ya kweli," alisema. "Mi siwezi kubishana na muhuri."

"Basi tunabaki," Mbelu akasema.

"Ngoja, mama. Muhuri inasema 'mwenye kubeba muhuri hii ni mwenyeji'. Sasa nani anabeba? Ni mukono."

"Na mukono inabebwa na nani, tata?"

"Ile haikuandikwa."

Alifikiri kwa uaminifu, maana hakuwa mtu mbaya. Kumpandisha mwenyeji treni lilikuwa kosa, na kumwacha mtu wa Kasai lilikuwa kosa. Mwishowe akaamua kwamba mkono ni wa hapa, unabaki, na mtu wake anapanda. Kazadi aliuliza vipi. Sajini alimwonyesha kidirisha cha behewa, kile cha juu cha kupitishia hewa. Mkono ukikaa nje hautahesabiwa kuwa umepanda. Sajini mwenyewe aliingia behewani, akakunja gunia mara nne na kuliweka ukingoni, chuma kisije kikamkata.

"Usiuingize ndani, Tata Kazadi," alimwonya. "Kuko barrière ya askari njiani, na wenzangu hawana roho kama mi."

Kazadi alimshukuru. Mbelu alipanda akakaa upande wa pili, ampokee kichwa kila akisinzia.

Saa tisa kamili profesa alifunga daftari, na Mama Fidélie akatangaza muda wa maswali. Hakuna aliyekuwa na swali. Ndipo mkono wa kulia wa Ngoy ukapanda polepole, ukanyooka hadi vidoleni, ukakaa hewani na muhuri wake ukionekana vizuri.

Profesa alifurahi. "Ndiyo, Tata Ngoy," alisema. "Tunakusikiliza."

Ngoy alisimama. Filimbi ya treni ilisikika, kwa kuwa gare haikuwa mbali, na watu wote arobaini wakangoja iishe. Mama Fidélie, nyuma ya meza ya vitabu, alikuwa ametia kucha chini ya pembe ya karatasi moja nyeupe, akingoja. Katibu Stany aligeuka kwenye kiti chake akamtazama mchoraji wa mji, bila ukali wowote.

"Mi sina ulizo, Profesere," Ngoy alisema. "Ni mukono tu."

Akakaa. Mama Fidélie alitoa ukucha wake.

Mkono haukushuka. Ngoy alilala nao hivyo, na mke wake akakata koti la kuazima ili kulivua. Barabarani watu walidhani anawasalimu, wakamwitikia. Usiku wa kuamkia Jumatatu mkono ulilowa mvua kutoka vidoleni hadi kiwikoni, ingawa Kolwezi haikunyesha, na mke wake akaukausha kwa kanga na kuupaka mafuta ya mawese. Siku ya kumi na moja, katikati ya mazungumzo, ulianguka wenyewe mapajani. Fundi wa reli aliyekuwa akipita alisema kwamba asubuhi hiyo treni ilikuwa imepita Kaniama. Baada ya hapo ni Kasai, na muhuri wa huku hauna kazi tena.

Wiki hiyo Mama Fidélie alipeleka ripoti ya mkutano kwa Ofisi ya Wenyeji, kama ilivyotakiwa. Aliiandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista. Waliohudhuria: arobaini. Vitabu vilivyotolewa: ishirini na vitano. Mikono iliyonyoshwa: mmoja. Maswali: hakuna.