Mshale Chini ya Kiti

...na ule mshale mdogo mweupe uliochapwa ubavuni mwa sensa, ulielekea juu au ulielekea chini, hilo tu ndilo swali, juu au chini, mtoto wa chekechea angejibu, na yeye, fundi wa umeme wa magari kwa miaka kumi na mmoja, hakumbuki, amesimama nyuma ya ukuta wa matairi na redio mkononi, kompyuta imefunuliwa juu ya pipa, skrini yote kijani, hakuna kosa hata moja, na hakumbuki. "Sitini na moja," ilisema redio. Ilikuwa sauti ya wifi yake, dada wa mumewe, kavu kama kawaida, ikisoma joto la mafuta ya injini. Gari lilikuwa hatua themanini kutoka pale, la kijivu, halijapakwa rangi bado, limelala chini karibu liguse lami, linanguruma bila haraka, na ndani yake, kwenye kiti kimoja tu kilichoachwa, wifi alikuwa amefungwa mikanda, helmeti kichwani, akisubiri mafuta yafike themanini ili mkuu wa karakana ageuze taa nyekundu iwe kijani, na taa ikishageuka hakuna maelezo tena, ni moja kwa moja mpaka kwenye kona iliyomwagiwa maji, kilomita mia na ishirini kwa saa, akate usukani makusudi gari liteleze, maana ndiyo kazi yenyewe ya dereva wa majaribio, kulikosesha gari njia na kuona kama kompyuta ya gari lenyewe italirudisha.

Na italirudishaje kama imedanganywa... sensa ile hufungwa chini ya kiti cha dereva, kisanduku kidogo tu, unaweza kukificha kiganjani, na ndicho kinachoiambia kompyuta gari linazungukia upande gani, dereva akikata kushoto na mkia wa gari ukaanza kumkimbia, kompyuta inashika breki ya gurudumu moja tu, lile linalohitajika, inaibana injini kidogo, na gari linatulia kabla mtu hajamaliza kusema mama yangu, lakini kisanduku hicho kikifungwa kichwa chini, kushoto kunakuwa kulia na kulia kushoto, na kompyuta, kwa nia njema kabisa, itashika gurudumu lisilofaa na kulisukuma gari kule kule linakoteleza. Itagundua, ndiyo, itaona kwamba sensa na usukani havielewani, itajizima yenyewe na kuwasha taa ya njano, yote hayo kwa sekunde moja, pengine haifiki, na kwa kasi ile sekunde moja ni mita thelathini na tatu, na kutoka mahali pa kukata usukani mpaka kwenye matairi ya kinga ni mita ishirini na nane, alizipima mwenyewe asubuhi, akaandika mwenyewe kwenye karatasi, ishirini na nane, kwa mwandiko mzuri.

"Sitini na nne." Magari yanayouzwa hayana balaa hili, kisanduku chao kina pembe moja iliyokatwa, kinaingia upande mmoja tu hata ukiwa umelala usingizi, lakini hili ni la majaribio, bati la kukishikilia lilichongwa hapa hapa karakana, matundu mawili yanayofanana, kinaingia vyovyote utakavyo, na jana saa nne asubuhi alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa gari, kiti kimetolewa, kisanduku mkono wa kushoto, skrubu mbili mdomoni, alikuwa anauangalia mshale, hapo anakumbuka vizuri sana, anauona, mweupe, umefutika kidogo kwenye ncha, halafu simu ikaita, na ilikuwa shule. Siku hizi shule ikipiga huacha kila kitu, alitema skrubu kiganjani, akanyanyuka, akajigonga kichwa kwenye fremu ya mlango, na mwalimu akasema kwa upole kwamba mtoto amepoteza kiatu kimoja, je, anacho kingine nyumbani, kiatu, Mungu wangu, kiatu tu, akacheka peke yake kama mwehu, na aliporudi kupiga magoti kisanduku kilikuwa kimeshakaa kwenye bati lake, yeye akakaza skrubu, kulia, kushoto, akafuta mikono. Nani alikiweka pale? Yeye, nani mwingine, alikiweka kwa mkono wa kushoto huku anasimama, huku akili imeshavuka geti la shule, na mkono huo ukiuuliza leo unakutazama tu. Kisha kiti kikarudi, waya zikachomekwa, akaiambia kompyuta ijiweke sufuri, ikajiweka, kijani, lakini gari lililosimama halizunguki popote, sufuri ni sufuri hata kisanduku kikiwa kichwa chini, na leo lilisukumwa kwa mikono kutoka karakana mpaka hapa, mstari ulionyooka, hakukuwa na kona hata moja ya kumwumbua. Wala wasiwasi haukumjia jana, wala asubuhi mkuu alipouliza, kila kitu sawa fundi, naye akajibu sawa, umemjia sasa hivi tu, wifi alipokivuta kiti mbele, kile kimlio cha reli, krii.

"Sitini na saba," na ilikuwa inapanda haraka zaidi sasa, au ni yeye. Mkuu alikuwa kule kwenye swichi ya taa na mgeni mwenye suti, mnunuzi, watu wanamwita mkuu huyo Mara Moja kwa sababu kila kitu kwake ni mara moja, anamwonyesha mgeni kona kwa mkono uliokunjuliwa kama mtu anayeonyesha shamba lake, na kukitoa kile kiti ni nusu saa, mbele ya mgeni, kwa sababu gani fundi, kwa sababu sikumbuki, hukumbuki nini, sikumbuki kama... hapana. Pengine kimekaa sawa. Bila shaka kimekaa sawa, mikono yake imefunga sensa mia ngapi, haijamwaibisha hata siku moja, na alikuwa anauangalia mshale, mtu anayeuangalia mshale hawezi kuugeuza... ila kusimama kule, akijigonga kichwa, mkono unaweza kupinduka, mkono ukiweka kitu chini kwa haraka hupinduka, akaujaribu pale pale kwa redio, akaiweka juu ya pipa bila kuitazama, akainyanyua, akaiweka tena, na mara ya pili ilikaa imepinduka. Basi adanganye kidogo, aseme kompyuta imekwama, aombe gari lirudishwe, akitoe kiti mwenyewe mlango umefungwa, aangalie, afunge, hakuna atakayejua, na hapo akajikuta anayapanga maneno, kompyuta imekwama, samahani mkuu, imekwama tena, anayapanga vizuri, yanakubalika, na alishangaa yalivyokuja upesi, kama kitu kilichozoea njia. Gari liliharibika njiani. Hivyo ndivyo alivyosema siku ile sebuleni kwa mama mkwe, wote wamekaa, vikombe mikononi, wifi aliposema bila kumtazama, "Kazi inamchanganya huyu, juzi kamsahau mtoto shuleni mpaka jua linazama." Na mumewe akainama, na mama mkwe akaacha kukoroga chai, na yeye akasema gari liliharibika njiani.

Halikuharibika. Alikuwa karakana amejikunja chini ya dashibodi akitafuta waya uliokatika, akaupata, akafurahi, akatafuta mwingine, na simu ilipoita ilikuwa mlinzi wa shule, mama, huyu mtoto ni wako? Alimkuta amekaa juu ya begi lake, hakuwa analia, na mlinzi akasema nilimwambia mama amesahau, akakataa katakata, kasema mama hasahau, amekwama tu mahali... na yeye akamkumbatia akasema ndiyo mwanangu, gari liliharibika. Kwa hiyo uongo ule ulianza kwa mtoto, kwa mama mkwe ulirudiwa tu. "Sabini na moja." Na tangu sebuleni hawajasemeshana, wiki mbili, redio tu, nambari tu, washa, zima, endelea, na wakilitoa gari kwenye matairi watu watasema nini, walikuwa hawapatani hao, fundi na dereva, mtu na wifi yake, na yeye atasema nini, atasema sikujua, na je, hakujua? Anajua sasa. Ameshajua tangu sitini na moja. Digrii kumi zimepita akiwa anajua, amesimama na redio, na kwa nini mdomo umekuwa mzito hivi, ni aibu tu, au kuna mahali ndani yake, padogo, pachafu, panasema mwache aonje... hapana, akalisukuma wazo lile, likarudi, akalisukuma tena. Ni aibu. Ni kumsikia wifi akisema, si nilisema? Kwa sauti ile kavu. Kama alivyosema siku ile, kama alivyosema baada ya uongo, wote walipomgeukia, kwa sababu wote walijua wanafanya kazi mahali pamoja, na wifi akanyanyua kikombe, akanywa, akasema, "Basi, kama ni gari."

Kama ni gari. Wiki mbili amelitafuna neno hilo kama jiwe kwenye wali, amelala nalo, ameamka nalo, kejeli ile, dharau ile... na sasa, hapa, ikinguruma injini, akakumbuka, alimwona wifi siku ile ya waya, si alipita pale saa kumi na moja jioni na mkoba begani, si aliinama dirishani akasema bado upo tu, si ndivyo. Alikuwa anajua. Wifi alikuwa anajua kabisa kwamba gari lile la kwenda shuleni lilikuwa zima, limeegeshwa uani, alilipita akienda zake, angeweza kusema neno moja tu sebuleni, mbele ya mama yake mzazi na kaka yake, na lingekuwa neno la kweli, naye akanywa chai. Hakuwa anamkejeli. Alikuwa anamfunikia. Alimtupia usahaulifu wake mezani kwa ulimi mkali, ndiyo, lakini uongo akauchukua, akaukalia kimya, wiki mbili, hajamwambia mtu, kama angemwambia kaka yake nyumba ingelipuka na haikulipuka, na yeye muda wote huo anampita kwenye korido anatazama ukuta.

"Sabini na nne." Sauti ile ile, kavu, haina kitu ndani yake, sauti ya mtu anayeamini kilichoko chini ya kiti chake kwa sababu kimefungwa na mtu anayemjua. Mara Moja alikuwa ameshaweka kidole kwenye swichi. Kidole chake yeye kilikuwa kwenye kitufe cha redio, kilikuwa pale tangu lini, akabonyeza.

"Wifi, zima. Sikumbuki kama sensa nimeifunga sawa."

Alisema, lakini ilitoka kama pumzi, injini ikaimeza, gari linanguruma, maji yanameremeta kwenye kona, mgeni anafuta miwani.

"Umesema? Rudia," ilisema redio.

Na redio hiyo inasikika kila mahali, kwa mkuu, kwa mgeni, kwenye spika ya karakana, na yale maneno, kompyuta imekwama, yalikuwa bado yapo mdomoni, yamepangwa, yanasubiri, akayameza.

"Nimesahau mshale wa sensa ulielekea wapi. Jana nilipigiwa simu nikiwa naifunga, sikuangalia tena. Usiende."

Aliona Mara Moja akimgeukia, mdomo wazi. Hakumtazama. Alitazama helmeti nyuma ya kioo mpaka injini ikazimwa, akasikia maji yakichuruzika kando ya lami.

"Ilikuwa sabini na sita," wifi alisema. Akavuta pumzi, ikasikika redioni. "Leta tochi na bisibisi. Na uje wewe, usimtume mtu."