Masaa Sita ya Amuri

Kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, karani aitwaye Sikujua alizipasha joto kadi za kutobolewa juu ya mbabula, jiko lake la makaa. Unyevu wa ziwa uliingia ofisini usiku kucha, kadi zikavimba, na mashine haikumeza kadi iliyovimba. Alizipitisha juu ya makaa, akazigonga mezani zikalingana, akailisha mashine. Wenzake wa ofisi ya kampuni ya dhahabu, pale Bukavu, walisimama mlangoni na vikombe vya chai ili wamtazame tu. Alisomea kazi hiyo Kinshasa, akarudi na diploma na maringo, na maringo yenyewe yalimfaa.

Mwaka ule kampuni ilinunua mashine mpya, na taarifa zote za machimbo ya Kamituga zikatakiwa kuhamia humo. Shida ilikuwa saa. Makapita, yaani wasimamizi wa zamu kule machimboni, walihesabu saa kwa Kiswahili, kuanzia jua linapochomoza. Mashine mpya ilihesabu kwa Kifaransa, kuanzia usiku wa manane. Tatu ya kapita ilipaswa kuwa tisa ya mashine. Sikujua akaipangia mashine iongeze sita kila mahali, na saa za usiku akazifungulia njia yake zivuke tarehe bila kujikwaa. Ilikuwa kazi safi kabisa. Kadi zote zilipita, wala hakuna hata moja iliyotemwa.

Ila kapita mmoja alikuwa amepitia seminari, na tangu hapo hakuandika saa isipokuwa kwa Kifaransa. Saa zake nazo zikaongezewa sita. Wachimbaji wa zamu yake wakaanza kusikia njaa ya asubuhi wakati wa alasiri. Wake zao wakachelewesha chungu, maisha yakaendelea.

Amuri alikuwa wa zamu hiyo. Jiwe lilimwangukia likamuua saa tatu asubuhi, miezi kadhaa kabla ya mashine mpya kufika, na kapita akaandika 9. Sasa mashine ilisema 15, yaani saa tisa alasiri. Kwa hiyo Amuri alikuwa na masaa sita ambayo hakuwahi kuyatumia.

Kesho yake, saa tatu, aliingia nyumbani kwake mtaa wa Kasha, pembeni mwa Bukavu, akatundika kofia yake ya chuma, akamwomba mkewe Masika maji ya kunawa. Saa tisa akaondoka. Siku iliyofuata akarudi, na iliyofuata pia. Alipokuwa hai alikuja Noeli tu, kwa sababu ya ubaya wa barabara ya Kamituga. Sasa barabara haikumhusu. Alikandika ukuta wa nyuma, akamfundisha binti yake kufunga kamba za viatu. Jirani yao, fundi wa redio, alinung'unika kwamba hata sasa hajaweza kumshinda Amuri kwenye dama. Masika alifurahi, tena waziwazi. Alianza kuimba akitwanga sombe, majani ya muhogo, jambo ambalo hakulifanya tangu harusi.

Kisha kampuni ikatuma habari. Siku ya ajali, ilisema, shimo lilifungwa adhuhuri. Mashine inaonyesha Amuri alikufa saa tisa alasiri. Basi aliingia shimoni kuiba dhahabu, na mwizi halipwi fidia. Jumamosi, kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa mzima, kiongozi wa mtaa akalisoma jina lake kama jina la mwizi mbele ya watu wote wenye majembe, na binti yake akasikia.

Masika akateremka mjini mpaka ofisini kwa Sikujua.

"Maman, bwana yangu anakuyaka ku nyumba kila siku saa tatu," alisema. "Sikukuya juu ya ile. Ile iko bien. Nilikuya juu banasema iko mwizi."

Sikujua aliitafuta kadi, akaitazama mara moja, akaelewa.

"Kosa iko yangu, maman. Naweza kurudisha saa yake leo leo. Lakini nikirudisha, hatakuya tena."

Masika alikunja pindo la kitenge chake.

"Acha nimuulize yeye mwenyewe," alisema.

Kesho yake Amuri alimsikiliza huku akilainisha udongo wa ukuta.

"Mutoto ataitwa mutoto ya mwizi mupaka lini?" aliuliza. "Arudishe saa yangu."

Aliumaliza ukuta siku hiyo. Saa tisa alinawa mikono, akamshika mkewe begani, akaondoka. Sikujua, alipopelekewa jibu, akatoboa kadi mpya isiyoongezewa kitu: 9. Kesho yake saa tatu ilifika Kasha, ikapita, na kiti cha Amuri kikabaki kitupu. Masika alivaa kitenge chake kizuri akangoja habari kwamba jina limesafishwa. Ilimuuma sana, lakini alingoja.

Mkurugenzi wa kampuni aliisoma saa mpya, akamwita Sikujua.

"Vizuri sana, citoyenne. Sasa rekebisha na saa ya kufunga shimo. Ile haikuwa adhuhuri. Ilikuwa huit heures, saa mbili ya asubuhi."

"Citoyen directeur, ile amri ya kufunga haikupita mu mashine, saa yake iko sawa."

"Sasa itapita."

Sikujua alikataa, na alikataa akiwa amesimama wima. Mkurugenzi akampa mtu mwingine kazi ile, mashine ikaimeza kadi bila shida. Kule Kamituga watu wakaanza kukumbuka filimbi ya asubuhi ya kufunga shimo, ambayo haikupigwa. Amuri, aliyekufa saa tatu, akawa mwizi upya.

Hasira zilimpanda Sikujua. Akangoja zitulie. Ndipo akachukua kadi safi, akaipasha joto juu ya mbabula kwa makini kuliko alivyowahi kupasha kadi yoyote, akaitoboa saa ya Amuri: 15. Ikiwa mtu ataitwa mwizi kwa vyovyote, basi masaa yake apewe. Lilikuwa kosa lake la kwanza la makusudi, na kosa lililofanywa kwa ustadi namna hiyo halijaonekana tena Bukavu.

Kesho yake, saa tatu, Amuri alitundika kofia yake.

"Basi, balisafisha jina?" aliuliza.

Masika alimsogezea sahani.

"Kula kwanza. Bugali itapoa."

Amuri alimtazama, akanawa, akala. Hakuuliza tena.

Jumamosi, kwenye salongo, kiongozi wa mtaa alisoma majina ya wezi kama kawaida. Amuri alikuwa pale na jembe begani, binti yake ubavuni, viatu vimefungwa vizuri. Jina lake lilipofika akaitika, "Présent," kiongozi akaweka alama, na wote wakaendelea kuchimba mtaro.